Pepa ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa, niitume jarida gani?

kijana_wa_maabara: Wakuu habari za jioni. Nimemaliza masta ya uhandisi kemikali, kazi yangu ni kuondoa floraidi kwenye maji, ile inayoharibu meno ya watu kule Arusha, natumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Supavaiza anataka niipeleke Chemical Engineering Science, jamaa yangu anasema ntapoteza muda bure bora haya majarida yanayotutumia emaili, unalipa wiki ijayo imetoka. Mnanishaurije?

fundi_reakta: Hayo ya emaili achana nayo mkuu, mtu anayekuahidi kuchapa pepa ambayo hajaisoma huyo anauza risiti. CES (hiyo Chemical Engineering Science) ipo tangu 1951, ni watu wa maana, ila wanataka kitu kipya. Kama umetikisa chupa tu ukachora mikunjo ya Langmuir na Freundlich, ile ya mkaa umeshika floraidi kiasi gani, ukajisifia R² (mkunjo unavyolingana na data) ya 0.99, mhariri anairudisha hata wapitiaji hawajaiona. Kolamu unayo, lile bomba lenye mkaa maji yanapita ndani?

kijana_wa_maabara: Ninayo moja, ila maji nilitengeneza mwenyewe maabara, sodiamu floraidi kwenye maji safi.

fundi_reakta: Hapo ndo watakubana sasa. Maji ya kule yamejaa bikabonati na pH iko juu, mkaa hauwezi kushika floraidi kama ulivyoshika kwenye maji yako matamu. Kachukue ya kisimani, yapitishe kwenye kolamu, pima yanayotoka mpaka floraidi ivuke kikomo cha 1.5 mg/L cha WHO (Shirika la Afya Duniani), halafu tengeneza modeli inayoeleza kwa nini mkaa umechoka mapema. Hiyo ndo pepa, ile ya chupa iweke kwenye viambatisho.

mama_pilot_plant: Kuhusu hela mdogo wangu usiogope, CES ukipitia njia ya kawaida hulipi, maktaba ndo zinalipia kusoma, unadaiwa pale tu ukitaka iwe wazi kwa kila mtu. Na zile haitilaiti, pointi fupi za mambo makuu ya pepa, wanataka 3 mpaka 5, kila moja isizidi herufi 85 ukihesabu na nafasi, watu wanapuuza halafu wanashangaa faili limerudi.

kijana_wa_maabara: Shukrani dada. Nikiituma CES na AIChE Journal, jarida lingine la uhandisi kemikali, kwa mpigo si naokoa muda?

mama_pilot_plant: Weee! Usithubutu, moja kwanza mpaka wakujibu. Wakigundua wanaikataa kote kote, na supavaiza jina lake limo humo.