Mti gani wa kijani mwaka mzima utamficha mama asionekane kutoka ghorofa ya jirani?

Upenuni:
Habari zenu wadau. Naomba ushauri kabla sijachimba shimo.

Nyuma ya nyumba nina kibustani cha mita 7 kwa 9. Mama yangu anapona baada ya upasuaji, na kila asubuhi humtolea kiti aote jua. Sasa nyuma ya ukuta limesimama jengo la ghorofa, madirisha yote yanatazama kwetu. Mama hajalalamika, lakini siku hizi anajifunika khanga hadi kichwani, na baada ya dakika kumi anaomba arudi ndani. Inaniuma sana.

Nataka mti usiopukutisha majani kwa msimu, unaokua haraka, ufike hata mita 8. Nimeshawishiwa nipande mifikusi mitano kwa mstari. Tatizo ni kwamba bomba la maji taka linapita mita 2 kutoka ukutani. Mnasemaje?

Fundi_Majani:
Mfikusi na bomba, hapana! Mizizi yake hufuata unyevu, ikikuta ufa kwenye maungio inaingia na kujaza bomba zima. Mimi nimeshang'oa miwili, na sakafu ya kibaraza ilikuwa imeinuka. Weka misaipresi, inakua upesi.

Mkulima wa Uani:
Dada Upenuni, pole kwa kuuguza. Kabla ya jina la mti, nikuulize: hizo mita 8 umezipata wapi? Nadhani umeangalia urefu wa jengo. Mti hauhitaji kulifunika jengo. Unatakiwa ukate mstari kati ya jicho la anayechungulia na kiti cha mama, basi.

Fanya hivi. Kaa wewe kwenye kiti cha mama. Mtu mwingine asimame pale unapotaka kupanda, ashike fito ndefu yenye kitambaa kwenye ncha, aipandishe taratibu mpaka kitambaa kifunike dirisha la juu kabisa. Pima hapo. Kisha asogee karibu nawe mupime tena, utaona urefu unaohitajika unapungua. Mti mfupi ulio karibu na kiti unasitiri kuliko mrefu uliobandikwa ukutani, tena unakuwa mbali na bomba.

Kuhusu misaipresi, namheshimu Fundi lakini hapo sikubaliani naye. Ni mizuri kwa mwenye nafasi na mkono wa kuikata kila mwaka bila kukosa. Ukiiacha ikanenepa, halafu ukaikata hadi ndani kwenye matawi makavu yasiyo na majani, sehemu ile haichipui tena. Unabaki na tundu la kahawia, na ndilo dirisha litakalokutazama.

Kama kwenu ni joto, fikiria ashoka, ile aina nyembamba yenye majani marefu yanayoning'inia. Inasimama kama mshumaa, haili eneo, na ukiikata kilele inavumilia. Kama ni baridi, podo: inakwenda polepole, ila inakubali mkasi vizuri sana na inafunga majani mpaka chini. Usichukue mche mkubwa kwa haraka ya kusitiri. Mkubwa uliokatwa mizizi hukaa muda mrefu ukijiuguza, na mdogo wenye afya mara nyingi humfikia.

Na tusidanganyane, mti wa kijani mwaka mzima nao hudondosha majani, ila kidogo kidogo. Ufagio utauhitaji.

Upenuni:
Nimerudi. Kaka Mkulima, jana jioni tumepima, mdogo wangu akiwa ameshika fito. Kiti kiko mita 4 kutoka ukutani. Fito ikiwa mita 2.5 mbele ya kiti, madirisha ya ghorofa ya kwanza yalizibwa kwenye mita 2.1, na ya ghorofa ya pili kwenye mita 2.9. Haijafika hata mita 3! Na mimi nilikuwa natafuta 8. Ila nimeona pale fito iliposimama ni mita 1.5 tu kutoka ukutani, kwa hiyo bomba liko nusu mita kutoka hapo.

Mkulima wa Uani:
Sogeza mstari wa miti uelekee kwenye kiti, uache bomba nyuma kwa mita 1 au zaidi, halafu pima upya. Urefu utashuka tena. Kiti nacho kinahama, dada. Jaribu pembe nyingine yenye jua la asubuhi, pengine miti miwili itatosha badala ya mitano. Angalia pia kivuli kinaangukia wapi, usije ukamsitiri mama ukamnyima jua lake.

Upenuni:
Pembe ya mashariki jua linaingia mapema na madirisha yanayoiona ni mawili tu. Naanza na ashoka mbili. Wakati zinakua nimefunga kamba na kutundika shuka kwenye urefu ule ule wa fito. Leo mama amekaa nje saa nzima, khanga ikiwa mabegani.

Fundi_Majani:
Mwagilia kwa kina mara chache, siyo kidogo kila siku, ili mizizi ishuke chini. Msalimie mama.