Vitabu vya kisomi kuhusu intaneti na siasa, nianze na kipi?

mdau_wa_moro: Habari zenu wakuu. Nataka kusoma kuhusu mitandao na siasa, siyo vile vya kupiga hela online, vya kisomi kabisa ila visijae misamiati ya maprofesa nikalala ukurasa wa pili. Nianze na kipi?

Nyakanga: Mkuu anza na Nanjala Nyabola, Digital Democracy, Analogue Politics, kimetoka 2018. Ni Mkenya na anaongelea Kenya yenyewe, toka uchaguzi wa 2007 mpaka ule wa 2017 uliofutwa na Mahakama ya Juu, jinsi Wakenya wa Twitter walivyokuwa wanajibishana na media za nje huku wakubwa wakidhani mashine za kura zitarudisha imani ya watu. Hapo ndo penye utamu.

bongo_msomaji: Halafu Twitter and Tear Gas cha Zeynep Tufekci, 2017, PDF ni bure na halali kabisa. Anasema zamani kuandaa maandamano kulichukua muda watu wakazoeana humo humo, siku hizi umati unajaa uwanja wa Tahrir kule Misri au bustani ya Gezi kule Uturuki fasta ila ikifika saa ya kuamua kitu hakuna wa kuamua.

mdau_wa_moro: Shukrani sana. Na Shoshana Zuboff, yule wa The Age of Surveillance Capitalism, je? Kila mtu anamtaja

Nyakanga: Kinene balaa na anajirudia rudia. Wazo la kampuni kuvuna data za tabia zako na kuuza utabiri utalipata sura za mwanzo tu. Bora Safiya Noble, Algorithms of Oppression, alivyoichambua Google na matokeo yake ya kudhalilisha wasichana weusi. Kifupi ila kinachoma