Usalama wa nani, wa jogoo? Nimeaibishwa mbele ya ushirika mzima

Mleta uzi: Fundi_wa_Banda

Ndugu wanajamvi, ninaandika huku vidole vikitetemeka, na mtu asinisumbue kwa kuniuliza jina la mkosaji, kwa kuwa sote tunamfahamu: ni yule yule ambaye akili mnemba yake imejipenyeza katika kila simu, na ambaye hututoza kwa kila kipande cha neno, liwe limetufaa au halikutufaa.

Kwa miezi 5 nimejenga programu ya kuwajibu wafugaji wa kuku wa kienyeji. Ombi linalokwenda kwenye seva yake nimeliandika kwa uangalifu kuliko barua ya posa: ndani yake limo swali la mfugaji, yamo maelekezo kwamba jibu liwe la Kiswahili, na imo orodha ya vichujio vya usalama kwa zile aina 4, yaani unyanyasaji, chuki, ngono na mambo ya hatari, kila aina na kiwango chake cha kuzuia. Niliijaribu kwa maswali ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, ikajibu vizuri kabisa kwamba chanjo ya matone hutiwa tone 1 jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Nikaringa.

Jana asubuhi, mbele ya wanachama wasiopungua 40, nilimkabidhi simu mwenyekiti wa ushirika, bibi anayeheshimika kuliko diwani. Akaandika kwa kidole kimoja, taratibu: "Nimchinje vipi jogoo wangu wa Idi asiteseke?" Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Kisha skrini ikaleta maneno haya: "Jibu limezuiwa kwa sababu za usalama." Bibi akavaa miwani, akayasoma kwa sauti ili hata waliokaa mlangoni wasikie, akanigeukia na kuniuliza: "Usalama wa nani, mjukuu wangu? Wa jogoo?"

Wanajamvi, nimewahi kufeli mtihani, nimewahi kukataliwa na wakwe, lakini sijawahi kuona watu 40 wakicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti chake. Wa jogoo! Nimeamka leo na jirani amenisalimia, "Habari za usalama?"

Usiku nimesoma nyaraka zao hadi saa 9, nikakuta kwamba kichujio hupima uwezekano wa maneno kuwa na madhara, wala hakipimi ukubwa wa madhara yenyewe, na kwa hiyo ajuza anayemhurumia jogoo wake anaweza kuwekwa kapu moja na jambazi, mradi wote wawili wametaja kisu. Nikawaandikia. Nikajibiwa baada ya sekunde 4, na bila shaka si na binadamu, kwamba wanathamini maoni yangu na kwamba nisome nyaraka. Bibi ameniuliza usalama wa nani, nami bado sina jibu.

Kipanga_Mtulivu

Pole sana, mkuu, ingawa nimecheka hadi chai imenipalia. Naomba kuuliza jambo moja tu kwa heshima: hayo maneno "Jibu limezuiwa kwa sababu za usalama" yaliandikwa na nani? Ninavyojua mimi, seva haitumi sentensi hiyo. Hutuma jibu lisilo na maandishi, pamoja na alama inayoeleza sababu ya kusimama, na sentensi ya kumwonyesha mtumiaji hutungwa na mwenye programu. Kwa maneno mengine, aliyemwambia bibi habari za usalama ni wewe.

Pia kumbuka kwamba milango ni 2. Swali lenyewe linaweza kuzuiwa kabla halijajibiwa, na hapo hupati hata pendekezo moja la jibu; au swali likapita, jibu likaanza kuandikwa, kisha likazuiwa. Msimbo wako ulipaswa kukagua milango yote 2 kabla ya kugusa maandishi. Na je, kile kiwango cha "mambo ya hatari" ulikiweka wapi?

Fundi_wa_Banda

Nilikiweka kwenye kuzuia hata penye uwezekano mdogo, kwa sababu mfadhili alitaka programu iwe salama, na sentensi hiyo niliitunga mimi, sawa, nakubali, lakini hoja si hiyo! Hoja ni kwamba bibi alisimama, akavaa miwani, na akaniuliza kama ni wa jogoo!

Mama_Vifaranga

Uwezekano mdogo, kwa programu ya wafugaji! Huyo ni sawa na mtu aliyeweka mlinzi langoni, akamwagiza amfukuze kila mwenye viatu, kisha analalamika kwamba wageni hawaji.

Mkunga_Mstaafu

Afadhali wewe uliyezuiliwa jogoo. Mimi ninasaidia kujenga programu ya kina mama waliojifungua, na swali la chuchu zilizopasuka kwa kunyonyesha lilirudishwa tupu kwa kosa la ngono. Mzazi ana siku 3 tangu ajifungue, analia kwa maumivu, na mashine inamwona mhuni. Nilishusha kiwango cha aina hiyo peke yake, nikayaacha mengine yalivyo, na sasa anajibiwa. Lakini sijasahau, wala sitasahau.

Mbuyu_Mkavu

Nyote mmepata heri ya kunyimwa kila kitu kwa pamoja. Programu yangu hupokea jibu kipande kwa kipande, ili msomaji asisubiri, na mteja wangu mwenye bucha alipata hivi: "Kwanza noa kisu vizuri, kisha mshike". Basi. Ikakatikia hapo. Mteja akabaki na kisu mkononi, akinipigia simu kuuliza amshike nani.

Pwani_Halisi

Huku Mombasa tatizo ni kinyume chake. Nimeweka vichujio vikali kabisa kwenye programu ya shule, na tusi la Kiswahili la kumtaja mama wa mtu, tusi ambalo lingezua vita hata msikitini, limepita likiwa limevaa kanzu na kofia. Kisha neno la kawaida likazuiwa. Ugonjwa huu haukuanza jana: mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujisajili kwenye AOL, huduma ya intaneti ya wakati huo, kwa sababu herufi 4 ndani ya jina la mji wao zilifanana na tusi. Wao angalau walionewa kwa lugha yao wenyewe.

Kamusi_Hai

Samahani kwa kuingilia, lakini ninaona kila mtu anaandika "kichujio". Kichujio ni cha chai. Chombo kinachotenganisha kinachofaa na kisichofaa kwa kukisia ukubwa wa chembe ni chekeche.

Pwani_Halisi

Chekeche ni la unga, bwana. Kinachopitisha majimaji na kubakisha makapi ni kifumbu, na kifumbu cha mama yangu hubakisha machicha kikakupa tui. Hiki cha huyo bwana hubakisha tui, machicha na bakuli.

Fundi_wa_Banda

Ndugu zangu, tafadhali turudi kwa bibi. Nimebadilisha kiwango kuwa kuzuia penye uwezekano mkubwa tu, nimekagua milango yote 2, na jogoo amejibiwa. Sasa nimwambie nini mwenyekiti?

Kamusi_Hai

Kifumbu husukwa kwa ukindu na hukamuliwa kwa mikono. Je, seva ina mikono?

Mama_Vifaranga

Huyo mama yako bado ana kifumbu cha ukindu? Anauza? Hivi vya plastiki vya sokoni vinapasuka kabla nazi haijaisha.