Naombeni ushauri, naondoka miaka 3 na bibi bado hajajua

Habari zenu wakuu. Nimepata skolashipu ya masters Wuhan, China, miaka 3, na nauli ya kurudi likizo sina kabisa. Zimebaki wiki 3. Nimeacha mambo ya Dar nimekuja Muheza kukaa na bibi aliyenilea, maana niliona nikija kuaga siku mbili tu nitajuta maisha yangu yote.

Shida ni kwamba nimeshindwa kumwambia ukweli, yeye anajua naenda "kusoma kidogo". Jana jioni tuko barazani anachambua mchele, akafungua pindo la kanga akatoa elfu tano imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kidonge, akasema hii ya maji njiani mjukuu wangu. Nikaenda kulilia chooni jamani.

Umri umeenda, macho yanafifia, halafu kule WhatsApp haifunguki bila VPN na wako mbele yetu masaa 5, kwa hiyo hata kupiga itabidi tupangiane na mdogo wangu ndo ampelekee simu.

Kwa mliowahi kuondoka muda mrefu, nimwambie miaka mitatu wazi au niende hivi hivi? Nimeanza kumrekodi akisimulia habari za ukoo ila akiona tu simu ananyamaza, mlifanyaje nyie? Na mama mdogo anataka kisomo kikubwa cha kuniaga, mimi naona hiyo hela bora nimpeleke bibi akapimwe macho. Nakosea?