Tupeane uzoefu: apdeti ya PHP, Python au R iliyowahi kukuweka roho juu

Makulu_dev
Mbukwenyi wakuu. Mchana huu dogo wa ofisi ya jirani kanipigia, "kaka nimebonyeza tu apdeti, mfumo wote umekuwa mweupe pee". Nimecheka lakini mwili unasisimka maana hiyo hali naijua. Hebu tupeane uzoefu, lugha yoyote ya kuandikia programu, PHP, Python, R, Java, chochote, apdeti gani ilikutoa jasho? Na waliookolewa na apdeti nao waje, wasiishie kuchungulia.

Nkuhungu Finest
Naweka kigoda hapa, karanga zipo.

bando_limeisha
Yangu ni Linux ya Ubuntu 18.04. Ilikuja na Python 3.6, mdogo wangu akaazima laptopu akafuata video mtandaoni akaigeuza amri ya python3 iite 3.8. Karudisha mashine jioni anasema iko fresh. Nabonyeza kufungua teminali, lile dirisha la kuandikia amri, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Kivinjari kinafunguka, muziki unapiga, teminali tu ndiyo imenuna. Kumbe kile kitu kinachowasha teminali ya Ubuntu ile ni skripti ya Python yenyewe, na maktaba inazozitegemea zilijengwa kwa ajili ya 3.6, ukiipa 3.8 haizioni inakufa bila kuaga. Na ili urekebishe unahitaji teminali 😂😂 Niliokolewa na Ctrl+Alt+F3, unapata ile skrini nyeusi ya maandishi, unaingia na paswedi unarudisha 3.6 kwenye kiti chake.

Kisasa_B
Hii ilinikuta hii hii. Mimi nilirudi Windows.

Fundi wa Area C
Python ya mfumo haiguswi, andikeni ukutani. Unataka mpya unaiweka pembeni yake na kazi zako unafanyia kwenye venv, chumba chake cha pembeni. Ndiyo maana Debian 12 na Ubuntu za sasa ukipiga pip install, amri ya kuweka paketi za Python, kichwa kichwa inakujibu externally-managed-environment, yaani hii Python inasimamiwa na mfumo wenyewe. Watu wanaitukana ile meseji ila ingekuwepo enzi za 18.04 huyo mdogo wako labda angeshtuka mapema.

bando_limeisha
Angeweka --break-system-packages, ile ya kulazimisha, mkuu, humjui yule.

Takwimu_Bahi
Mimi siyo programa, ni mtu wa takwimu, naruhusiwa? Yangu ni R.

Tulikuwa na utafiti wa kaya za wakulima wa mtama, Bahi na Chamwino. Vijiji tulivichagua kwa R, set.seed (unaipa namba ya kuanzia bahati nasibu) halafu sample() (ndiyo inayookota), ili mtu yeyote akiendesha skripti yetu apate vijiji vilevile na asije akasema tumechagua vya karibu na lami. Tukaenda. Vumbi lile mnalijua, pikipiki, jua la saa saba, madodoso yanapeperuka na upepo tunayakimbiza kwenye mashamba ya watu. Data zikaingia, nikakaa kuandika. Sasa msimamizi wangu akaweka R mpya kwenye kompyuta yake, akaendesha skripti yangu, seed ileile, namba zilezile, vikatoka vijiji vingine kabisa. Yaani hata vitatu havifanani. Akaniita ofisini akafunga mlango, "binti, niambie ukweli, mlienda huko au mlikaa mjini mkajaza madodoso?" Jamani. Nilitetemeka hadi nikashindwa kujibu, na mtu ukishindwa kujibu ndiyo unaonekana mwongo vizuri.

Usiku huo sikulala, nasoma orodha ya mabadiliko. Kumbe R 3.6.0 iliyotoka Aprili 2019 walibadilisha namna sample() inavyookota, maana ile ya zamani ilikuwa na upendeleo kidogo, hasa ukiokota kutoka kwenye orodha kubwa sana. Walichofanya ni sahihi kabisa, walirekebisha kasoro. Ila seed zote za zamani zikaanza kutoa majibu mapya. Dawa yake unaweka RNGkind(sample.kind = "Rounding") juu ya set.seed, inakupa onyo kwamba unatumia njia yenye kasoro, unalipuuza. Asubuhi nikamwendea nikaiendesha mbele yake, vijiji vyetu vikarudi kimoja kimoja kwa mpangilio wake. Akaangalia akasema "haya, endelea na sura ya nne". Hata pole hakunipa.

Mama Zabibu
Pole dada. Wasimamizi hao tunawajua.

Fundi wa Area C
Ndiyo maana ripoti inatakiwa iandike na vesheni ya R. Ukiandika tu "tulitumia R" hujaandika kitu.

Takwimu_Bahi
Sasa hivi naandika hadi vesheni ya kila paketi, nimeshaumwa na nyoka.

Mgogo_Halisi
Zote hizo za watoto. Kaeni vizuri.

Kuna chama cha akiba na mikopo huko wilayani, sitaji wilaya wala jina maana wanachama wengine mmo humu. Mfumo wao aliuandika jamaa mmoja kwa PHP, akahamia Dar na simu hapokei, mimi nikaitwa niwe naangaliaangalia. Uko kwenye hosti ya kulipia kwa mwaka. Sasa PHP 7.4 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa, Novemba 2022, wenye hosti wakatuma imeli kwamba watahamishia kila mtu kwenye 8. Imeli ikaenda kwa yule wa Dar. Nani asome.

Wikiendi wakahamisha. Mfumo unafunguka vizuri, hakuna ukurasa mweupe, hakuna eraa, rangi zilezile, karani anaingiza malipo kama kawaida. Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo, bora ungegoma.

Kulikuwa na skripti inajiendesha kila Jumatatu asubuhi, inapita kwa wanachama wote, mwenye deni anatumiwa meseji. Na safu ya deni kwenye databesi haikuwa ya namba, ilikuwa ya maandishi. Kwa asiyedaiwa karani wa sasa anaandika 0, siku akichoka anaacha wazi, na karani aliyemtangulia alikuwa anaandika HAKUNA, kwa herufi kubwa. Skripti inasema if ($deni == 0) basi mruke. Kwenye PHP 7 ukilinganisha neno na sifuri neno ndilo linageuzwa namba kwanza, HAKUNA inakuwa 0, palipo wazi panakuwa 0, wote wanarukwa, miaka yote amani. PHP 8 wakapindua, neno lisilo namba linabaki neno na ile sifuri ndiyo inageuzwa maandishi, halafu "0" na "HAKUNA" wapi na wapi. Mwenye 0 tu ndiye anarukwa, hao wengine harukwi mtu.

Jumatatu watu wasiodaiwa hata senti wakaamka na hii:

"Ndugu mwanachama, deni lako la Sh HAKUNA limepita muda. Lipa kabla ya Ijumaa kuepuka hatua za kisheria."

Saa tatu ofisi imejaa hadi barabarani. Mzee mmoja kaja na baiskeli, mfuko wa rambo umejaa risiti tangu siku aliyojiunga, anazipanga mezani kwa meneja moja baada ya nyingine, anazinyoosha kwa kiganja, halafu anasema taratibu kabisa, "nionyeshe hiyo HAKUNA ni shilingi ngapi nilipe niondoke". Meneja hana jibu. Wale ambao palikuwa wazi walipata "deni lako la Sh limepita muda", hao ndio walichachamaa zaidi, wanasema mnaficha kiasi ili mtubambikie baadaye. Wengine wakadhani ni wale matapeli wa tuma kwenye namba hii, wakawa wanawapigia ndugu zao wasitoe hela. Na mama mmoja, msicheke, alituma elfu ishirini akasema ni ya kupunguza.

Mimi nilipigiwa niko kwenye daladala naelekea Mtumba, nikashuka njiani. Kusimamisha skripti ni dakika moja, kumwelewesha mzee wa risiti ilikula siku nzima.

Nkuhungu Finest
Ya kupunguza 😂😂😂😂 kigoda kimevunjika

Kisasa_B
Kuanzia leo nikidaiwa kodi ya nyumba namtumia mwenye nyumba Sh HAKUNA.

Mama Zabibu
Samahani nje ya mada, kuna anayejua bei za viwanja Ihumwa?

Nkuhungu Finest
Sh HAKUNA.

pythonista_udzungwa
Ndiyo maana nasema kila siku PHP ni lugha ya hovyo. Hameni.

Mgogo_Halisi
Walichorekebisha ndiyo hiyo hovyo yenyewe unayoisema. Neno HAKUNA kuwa sawa na sifuri ndiyo ilikuwa kituko.

Fundi wa Area C
Na nyie wa Python mnyamaze, Python 3 imetoka Desemba 2008 na Python 2 mmeizika Januari 2020, miaka kumi na moja mnahama nyumba. Kisa print, amri ya kuandika kwenye skrini, iwekewe mabano.

pythonista_udzungwa
Haikuwa print tu, ilikuwa herufi na Unicode, yaani maandishi ya lugha zote, soma kwanza.

Fundi wa Area C
Nimesoma. Mmechukua miaka kumi na moja.

Jamatini_Sql
Mnagombania lugha wakati kosa ni la databesi. Hela inawekwaje kwenye safu ya maandishi? Huyo wa Dar atafutwe. Na Mgogo ulirekebishaje, uliweka (float) mbele, ile ya kulazimisha neno liwe namba?

Mgogo_Halisi
Usiku ule niliweka (float), HAKUNA inakuwa 0 kama zamani, watu walale.

Jamatini_Sql
Basi hujamaliza. Karani akiandika "Sh 50,000", na Sh imetangulia, hiyo nayo inasomeka sifuri. Maana yake kwenye PHP 7 kuna wadaiwa wa kweli walikuwa wanarukwa miaka yote hiyo na hakuna aliyejua.

Mgogo_Halisi
Walikuwepo. Nao siku ile walipata meseji, deni lao limeandikwa kamili na Sh mbili mbili. Ni wao tu ambao hawakuja ofisini kulalamika.

Takwimu_Bahi
🤣🤣🤣 nimepaliwa chai

Makulu_dev
Daah. Mkuu hii ungeiweka mwanzo tusingehangaika.

vumbi_la_manyoni
Funzo usiapdeti kitu kinachofanya kazi. Mimi XAMPP yangu, kile kifurushi cha seva na PHP yake, ni ya 2017 inadunda.

Duka_Majengo
Wewe wa Manyoni ndiye nilikuwa nakusubiri. Juni 2024 lilitangazwa tundu la usalama la PHP ya Windows ikiendeshwa kwa CGI, njia mojawapo ya seva kuiita PHP, namba yake CVE-2024-4577, na XAMPP ilivyo tu ukiiweka bila kugusa kitu ilikuwa wazi. Mtu yuko huko kwao anatuma kiungo kimoja anaendesha anachotaka kwenye seva yako. Dawa ilikuja kwenye 8.1.29, 8.2.20 na 8.3.8. Za 7 na 8.0 hazikupata maana zilishastaafu. Na hilo lilikuwa tundu la 2012 lililozibwa, wakapata njia ya kulizunguka.

Jamatini_Sql
Tusitishane, hilo lilithibitishwa kwenye Windows zenye mpangilio wa Kichina na Kijapani.

Duka_Majengo
Ndiyo nakuja huko. Seva ya dukani kwetu ni mtumba, ilikuja na Windows ya Kichina na hakuna aliyewahi kuibadilisha, Shut Down tunaijua kwa mahali ilipo. Na iko wazi kwenye intaneti kwa sababu bosi anataka kuona mauzo akiwa safarini. Kijana wetu aliisoma habari ile usiku, akaenda dukani saa hizo hizo, kwanza akauzima kwa alama ya reli (#) ule mstari wa ScriptAlias unaofungua njia ya php-cgi kwenye faili la mipangilio httpd-xampp.conf, kesho yake akapandisha PHP. Kwenye logi za siku zilizofuata tulikuta watu wanagonga na ile %AD yao, ndiyo herufi wanayopenyea, wanagonga tu na kuondoka. Kwa hiyo mimi nipo upande wa waliookolewa.

vumbi_la_manyoni
Yangu haiko kwenye intaneti.

Duka_Majengo
Kwa hiyo siku zote unalindwa na kuishiwa bando.

Mwalimu_Kongwa
Mimi kompyuta za darasani ni Windows 7, kila Python nikiweka inakataa, msaada wakuu.

Fundi wa Area C
3.8 mwalimu, ndiyo ya mwisho inayokubali Windows 7, kuanzia 3.9 wameacha. Kwa kufundishia inatosha sana.

pythonista_udzungwa
Weka Linux mwalimu.

Mwalimu_Kongwa
Naweka 3.8.

Kisasa_B
Ushauri wangu kwa ujumla: apdeti Jumanne. Jumatatu watu wana hasira, Ijumaa utaharibu wikiendi.

Mama Zabibu
Jumanne kwetu umeme unakatika.

Makulu_dev
Nimerudi kwa yule dogo. Nimemwambia apige php -v, inayoonyesha vesheni, kwenye ile seva ya akiba ambayo hawajaigusa, inasema 5.6.40. Walikuwa wanatoka huko kwenda 8 moja kwa moja.

Mgogo_Halisi
5.6.40 ndiyo ya mwisho kabisa ya 5.6, Januari 2019. Atafute mysql_query, amri ya zamani ya kuongea na databesi, kwenye mafaili yake, ziliondolewa tangu 7.0, huo weupe utakuwa unatokea hapo. Ziko ngapi?

Makulu_dev
Anasema kila faili.

Mgogo_Halisi
Basi mwambie awashe hiyo ya akiba watu waendelee na kazi, mabadiliko kwenda mysqli, mrithi wake, ayafanyie pembeni. Na aangalie kabla safu za hela ni za aina gani.