Bomba la maji taka lenye mteremko kwenye Revit: tii zinaachia kila nikiweka mteremko

Mchoraji_Chumbageni

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Nachora kwa Revit, programu ya kuchora majengo, mfumo wa maji taka wa nyumba ya ghorofa moja pale Ngamiani, Barabara ya 12. Bomba kuu ni plastiki ya milimita 110, linatoka kwenye bomba la wima la vyoo nyuma ya nyumba mpaka chemba ya mbele, mita 18. Inveti ya chemba (kimo cha chini kabisa ndani, maji yanapopita) ni mita 1 chini ya sakafu iliyomalizika, nimepima mwenyewe. Nikachora bomba mlalo kwa -1000 (milimita chini ya sakafu), nikaunga vyoo, halafu nikalipa mteremko wa 1:60, yaani kushuka mita 1 kila mita 60. Hapo tii (viungo vya umbo la T) zikaanza kuachia moja baada ya nyingine, programu inadai hakuna fitingi inayofaa. Hata hiyo 1:60 haimo kwenye orodha ya miteremko. Bimu ya msingi chini ya ukuta wa choo, mwisho kabisa wa bomba, inaishia -600 na bomba linapita chini yake bila kugusa, kwa hiyo hapo sina wasiwasi. Fundi anataka mchoro kabla ya masika. Nifanyeje?

Bi_Mabomba

Marahaba mwanangu. Tuanze na bimu, maana hapo ndipo penye wasiwasi.

Ile -1000 uliyoandika programu imeiweka katikati ya bomba. Bomba la 110 lenye unene wa 3.2 lina kipenyo cha ndani cha 103.6, basi inveti yako imekaa karibu -1052, sentimita 5 chini ya inveti ya chemba. Fundi hatakubali, atalipandisha. Likipanda mbele linapanda na nyuma: kwa 1:60, mwisho wa mita 18 inveti inakuwa -700 na mgongo wa bomba -593. Bimu inaishia -600. Umeona? Kwenye skrini limepita, kwenye mtaro linagonga zege.

Futa, anza upya kwenye chemba. Maji taka tunayachora kutoka chini kwenda juu, kwa sababu levo pekee ambayo huwezi kuibadilisha ni ile ya chemba. Andika -948 kama kimo cha katikati, chagua mteremko wa kupanda, kisha vuta bomba kuelekea vyooni. Tumia 1:80. Kwa bomba la inchi nne linalobeba choo mteremko huo unatosha, na mwisho wake inveti inakuwa -775, mgongo -668. Bimu imepona.

Orodha ya miteremko unaijaza mwenyewe kwenye mipangilio ya mekanika, upande wa mabomba. Na kwenye vipimo vya mradi badilisha mteremko usomeke kwa uwiano, uachane na asilimia.

Sasa tii. Familia ya fitingi uliyotumia, yaani aina ya kiungo ndani ya programu, imefungwa nyuzi 90. Bomba la 1:80 likikutana na bomba la wima, pembe si 90 kamili, na fitingi isiyoweza kujipinda hata kidogo itaachia tu. Hata viwandani wanalijua hili: fitingi nyingi za maji taka za Uingereza hutengenezwa nyuzi 92.5, mteremko umo ndani ya kiungo. Tafuta familia ambayo pembe yake inabadilika, uiweke kwenye mapendeleo ya aina hiyo ya bomba. Matawi yanayolala unga kwa wai (kiungo cha umbo la Y) ya nyuzi 45, tii ya mraba hapo iache kabisa, uchafu unajikusanya. Kila tawi lianzie kwenye bomba kuu, ukiwa umewasha kitufe cha kurithi kimo, kisha lipande kuelekea chooni.

Fundi_wa_Pongwe

Naunga mkono Bi Mabomba. Mimi ombi langu ni moja: usiniandikie 1:80 peke yake. Mtaroni nina mpira wa maji wa kupimia levo na futi. Bomba linauzwa la mita 6, kwa hiyo niandikie inveti kila mita 6: chemba -1000, halafu -925, -850, -775. Kila bomba linapanda sentimita 7 na nusu, nakata vipande vya mti vya kipimo hicho nawapa vijana, hakuna wa kukosea. Ukiniachia uwiano mtupu, kila mmoja atapiga hesabu yake.

Mchoraji_Chumbageni

Ahsanteni sana. Nimeanzia chemba, bomba kuu limekaa na wai hazijaachia hata moja. Inveti nimeziweka kwenye mchoro kama fundi alivyosema. Bado bomba la sinki la jikoni, milimita 50. Nalo nilipe 1:80?

Bi_Mabomba

Hapana, hilo ni jembamba na lina mafuta ya kupikia. Lipe 1:40, sentimita 2 na nusu kila mita, na lisiingie kwenye wai ya choo. Litafutie wai yake upande wa chini, karibu na chemba.