Klabu ya miamba, madini na visukuku Tanga: tufanye shughuli gani, na sheria inasemaje?

Mwalimu wa Tanga

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari hapa Tanga mjini. Kwa muda sasa walimu wenzangu, baadhi ya wazazi na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya machimbo ya mawe ya chokaa tumekuwa tukizungumzia kuanzisha klabu ya wapenda miamba, madini na visukuku (yaani masalia ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa maweni), itakayowachukua wanafunzi na watu wazima kwa pamoja. Mkoa wetu umejaliwa. Tuna mapango ya Amboni, ambayo maji yaliyachonga ndani ya mawe ya chokaa ya enzi ya Jura. Tuna milima ya Usambara, yenye miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi. Tuna bonde la Umba, ambalo vito vyake vinajulikana duniani. Na tuna ufuo wenye mawe ya matumbawe.

Wanafunzi wameshaanza kuleta mawe shuleni kabla hata klabu haijaandikishwa, na ari yao ndiyo inayonisukuma kuuliza. Naomba kufahamu sheria inaturuhusu kuokota nini na inatukataza nini. Vilevile naomba kujua klabu ya aina hii hufanya kazi gani hasa, mbali na kukusanya mawe na kuyapanga kabatini, mkizingatia kwamba michango yetu itakuwa midogo.

Mdau wa Madini

Mwalimu, hongera kwa wazo hili. Mimi nimo katika uchimbaji mdogo, na ningependa mjadala uanzie kwenye sheria, kwa sababu klabu yenye watoto haifai kuingia matatani kwa jambo ambalo barua moja ingelizuia.

Chini ya Sheria ya Madini ya 2010, madini yaliyomo ardhini ni mali ya umma chini ya Serikali, na mtu hapaswi kuwa na madini mkononi bila leseni au idhini inayohusika. Marekebisho ya 2017 yalikaza usimamizi, na tangu 2019, masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mikoani, biashara ya dhahabu na vito inatakiwa ipitie humo. Kwa hiyo kijana anayerudi kutoka Umba akiwa na garneti, ambayo ni aina ya kito, mfukoni, hata zikiwa chenga ambazo hakuna mnunuzi angezitazama mara mbili, anaweza kujikuta akijieleza kwenye kizuizi cha barabarani. Nendeni kwa Afisa Madini Mkazi mkiwa na barua ya shule inayoeleza kwamba klabu ni ya elimu, kwamba haiuzi wala hainunui, na mwombe maelekezo kwa maandishi. Baada ya hapo tafuteni wenye leseni. Wengi wetu tuna marundo ya mawe yaliyokwisha kuchambuliwa, na tukiombwa kwa heshima hatuoni ugumu kutoa sampuli kwa ajili ya shule. Mkipewa, ombeni na karatasi yenye namba ya leseni, mahali jiwe lilipotoka na tarehe, kisha ihifadhiwe pamoja na jiwe lenyewe.

Visukuku vina sheria yao, nayo ni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kuchimba masalia ya viumbe wa kale kunahitaji leseni, kuyatoa nje ya nchi kunahitaji kibali, na anayeyagundua anatakiwa kutoa taarifa. Mimi naenda mbali kuliko sheria: kwa maoni yangu klabu isiokote kisukuku chochote, ipige picha basi. Kule Amboni msivunje wala msiguse zile nguzo za chokaa, kwa kuwa zimejengwa tone kwa tone kwa maelfu ya miaka, na mafuta ya mikono peke yake yanatosha kuzififisha na kuzizuia zisikue.

Jambo la mwisho kutoka kwangu ni usalama. Mtoto asiingie kwenye shimo la wachimbaji lililoachwa, hata likionekana fupi na kavu. Kuta zake hulegea mvua zikinyesha, na hewa ya chini inaweza kuwa mbaya bila kutoa harufu yoyote.

Msomaji wa Miamba

Nakubaliana na Mdau kuhusu barua na kuhusu mashimo, lakini kwenye picha peke yake tunatofautiana, hasa kwa mawe ya kawaida ambayo si vito wala visukuku. Mtoto hulijua jiwe kwa kulipima uzito kiganjani, kulikwaruza na kuligeuza juani hadi chembe zake zimetemete. Mkishapata maelekezo ya maandishi, waacheni wakusanye. Ila klabu na rundo la mawe vinatofautishwa na kumbukumbu, na hapo ndipo ningeweka nguvu zote tangu siku ya kwanza.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao hapa kwetu. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler alikuta mifupa mikubwa ikichomoza ardhini katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji uliotumia mamia ya vibarua wa kusini, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mifupa hiyo ingali Ujerumani mpaka leo, jambo ambalo mimi, kama Watanzania wengi, nina uchungu nalo. Lakini tazameni jinsi ilivyoandikwa. Mashimo yalipewa herufi na mifupa ikafuatishiwa alama hizo. Dinosaria aliyesimamishwa katika ukumbi wa Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amejengwa kwa sehemu kubwa kutokana na mifupa ambayo watafiti bado wanaiita S II, yaani mnyama wa pili kutoka shimo S. Zaidi ya miaka 100 imepita, na mtu bado anaweza kuuliza mfupa fulani ulilala karibu na upi, akapata jibu. Kama alama zile zingepotea, zingebaki tani za mawe ya kutazamwa tu.

Kwa klabu yenu kazi hii inahitaji daftari gumu, kalamu ya wino usiofutika na chupa mbili za rangi ya kucha, moja nyeupe na nyingine isiyo na rangi. Paka doa dogo jeupe kwenye upande wa jiwe usio na sura, liache likauke, andika namba juu yake, kisha funika kwa ile isiyo na rangi. Namba ni fupi. Maelezo yote yanakaa daftarini. Kwa mfano:

«Namba 14. Jiwe la kijivu lenye mistari ya giza na ya mwanga, lina chembe nyekundu za ukubwa wa punje ya mtama. Limetoka kingo za mto Zigi, Wilaya ya Muheza, upande wa juu wa daraja la njia ya kwenda Amani. Liliokotwa likiwa huru, halikuvunjwa kwenye mwamba. Linadhaniwa kuwa mwamba geu wenye garneti.»

Angalieni maneno mawili. «Liliokotwa likiwa huru» linamwambia msomaji kwamba mto unaweza kuwa umelileta kutoka mbali, kwa hiyo asidai kwamba mwamba wa pale ndivyo ulivyo. «Linadhaniwa» linaacha mlango wazi kwa anayejua zaidi kusahihisha. Jina la jiwe linaweza kurekebishwa wakati wowote, hata baada ya miaka 30. Mahali lilipotoka pasipoandikwa siku ileile, hapatapatikana tena.

Mwalimu wa Tanga

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Suala la barua nitalifikisha kwa mkuu wa shule, na utaratibu wa namba nimeuelewa vizuri. Naomba niongeze swali: wakati wa masika safari za milimani zitakuwa ngumu, na wazazi wengi hawatakubali watoto waende mbali. Tukikutana darasani au hapa mjini, tufanye nini ili mkutano usigeuke kuwa hotuba ya mwalimu mmoja?

Mkemia Mstaafu

Mwalimu, masika ndiyo majira mazuri ya kazi za mezani. Gaweni mawe yasiyo na majina kwa vikundi vidogo, na kila kikundi kitafute jina kwa vipimo vyake, kisha vikundi vibishane. Mpangilio wa ugumu wa madini, kuanzia 1 hadi 10, aliouweka Friedrich Mohs mwaka 1812 bado unatumika, na vifaa vyake viko nyumbani: kucha ina ugumu wa takriban 2.5, kitu cha shaba kama 3, kioo cha dirisha karibu 5.5. Kwatzi ina ugumu wa 7, hivyo inakwaruza kioo. Kalisaiti, ambayo ndiyo madini makuu ya mawe ya chokaa, ina 3 na haikwaruzi. Vipande hivi viwili vinaweza kufanana kabisa kwa macho, vyote vyeupe na vyenye kupitisha mwanga. Saga chembe kidogo ya kila kimoja na uidondoshee siki: ya kalisaiti itatoa viputo, ya kwatzi itatulia.

Tafuteni pia kigae cha sakafu na mtumie mgongo wake usiong'arishwa. Madini yakisuguliwa pale huacha unga, na rangi ya unga husema kweli kuliko rangi ya jiwe. Hematiti inaweza kuwa nyeusi yenye kung'aa kama chuma, lakini unga wake ni mwekundu wa kahawia. Piriti, inayowadanganya wengi wakadhani ni dhahabu, huacha unga mweusi wenye ukijani, ilhali dhahabu huacha mstari wa manjano. Vito vilivyokatwa visisuguliwe, maana vitaharibika.

Kipimo ninachokipenda kupita vyote ni cha uzito. Lining'inizeni jiwe kwa uzi kwenye mizani ya springi ya maabara ya Fizikia, mlipime hewani, kisha mlipime likiwa limezama majini bila kugusa chini. Likiwa na gramu 53 hewani na gramu 33 majini, tofauti ni 20, na 53 kugawanya kwa 20 ni 2.65, ambao ndio msongamano wa kwatzi. Garneti itawapa kati ya 3.5 na 4.3 kulingana na aina yake. Mwanafunzi akishapata namba yake mwenyewe hahitaji tena kumwuliza mwalimu kama amepatia.

Mvua ikikatika, nendeni magofu ya Tongoni, kusini mwa mji. Msikiti na makaburi yale yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mkisimama karibu na ukuta mtaona ndani ya mawe yenyewe vijumba vya matumbawe vilivyopangana, vingine kwa umbo la nyota. Chukueni kioo cha kukuzia, penseli na karatasi, mchore. Hakuna haja ya nyundo, na nyundo isifike pale kabisa, kwa kuwa ni mahali pa urithi na pana makaburi ya watu.

Na msisahau bahari. Silikanti, samaki ambaye wanasayansi walimjua kwa visukuku tu na kuamini kwamba alitoweka zama za dinosaria, alivuliwa akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938, na kuanzia miaka ya 2003 na 2004 nyavu za wavuvi wa Tanga zikaanza kumleta mara kwa mara kutoka kina kirefu. Hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa hapo kwenu mwaka 2009. Mwalikeni mvuvi aliyewahi kumwona awasimulie watoto mapezi yake yenye nyama yalivyo, kisha wayalinganishe na picha za visukuku vya ukoo wake. Ni miji michache yenye fursa kama hiyo kwa ukaribu huo.

Mwenyeji wa Kilifi

Mwalimu, nawasalimu kutoka ng'ambo ya mpaka. Ningependa kuongeza jambo kuhusu kutafuta, kwa kuwa wengi hudhani kisukuku hupatikana kwa kuchimba, na watoto wakipewa nyundo mwanzoni hawajifunzi kutazama.

Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani, alianza kazi hii Olduvai mwaka 1960 akiwa kibarua, na Januari 1964 akapata taya la binadamu wa kale huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Agosti 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kwenye ardhi iliyojaa kokoto za rangi karibu ileile. Kipande hicho ndicho kilichowafikisha kwenye mifupa zaidi ya 100 ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Alikitambua kwa sababu alikuwa amezoeza macho yake kutofautisha mpindo wa mfupa na mviringo wa kokoto. Zoezi hilo mnaweza kulifanya popote: tandazeni kokoto kwenye turubai, changanyeni humo vipande vya mifupa ya mbuzi iliyokauka na kupaukia, wanafunzi watembee taratibu bila kuinama na kila mmoja aonyeshe kwa kidole anachoshuku, kabla ya yeyote kugusa.

Nao wafundishwe mapema la kufanya siku watakapoona mfupa wa kweli ndani ya mwamba. Waweke rula kando yake, wapige picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mti au kilima, wahifadhi mahali pale kwenye ramani ya simu, waufunike kwa mchanga kidogo ikiwa mvua iko karibu, kisha mwalimu apeleke taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale. Mahali penyewe pasitangazwe mitandaoni mpaka wataalamu wafike.